Kavasha ina mwenyewe, naye alikaa nyuma ya drams

Magazeti yetu ya burudani yana msamiati mtamu kwa wanamuziki wa dansi. Kuna mcharaza solo, mkung'uta besi, mpapasa kinanda, mpuliza tarumbeta. Ikifika zamu ya drams anaandikwa "mpiga drams", basi, na mara nyingi haandikwi kabisa. Mimi ni fundi mitambo, narekodi bendi na kusimamia sauti jukwaani, na maikrofoni nyingi ninazofunga huwa zinakwenda kwa mtu huyohuyo asiyeulizwa jina.

Chukua kavasha, lile pigo la drams. Aliyewahi kucheza muziki wa Kikongo, awe Nairobi, Dar au Bujumbura, anaijua kwa kiuno hata kama jina lake hajawahi kulisikia. Zaiko Langa Langa ilianzishwa Kinshasa Desemba 1969 na vijana walioachana na saksafoni na tarumbeta zilizokuwa zimetawala rumba ya wakubwa wao. Wakabaki na magitaa, waimbaji kibao na drams. Bila mapulizo, wimbo unabaki na uwazi mkubwa katikati, na aliyeuziba ni mpiga drams wao, Meridjo Belobi, kwa snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Husimuliwa kwamba pigo lile la kavasha lilitokana na mlio wa treni, safarini kati ya Brazzaville na Pointe-Noire. Wanamuziki wanapenda hadithi, lakini sikiliza mwenyewe: reli imo.

Inavyokwenda ni hivi. Mguu unakanyaga kiki, ile ngoma kubwa ya chini, kila hesabu, moja, mbili, tatu, nne, hauyumbi. Juu yake mkono unacheza kwenye snea au haihati, yale matoazi mawili yanayofumba na kufumbua. Mifupa ya pigo ni jamaa ya clave ya Kuba, mapigo matatu kisha mawili, kitu kilichoingia Kongo kwa santuri za muziki wa Kuba za mfululizo wa GV kuanzia miaka ya 1930. Ila kavasha haiachi mifupa mitupu. Nafasi zilizo katikati hujazwa na mapigo madogomadogo, mengine mepesi kiasi kwamba kwenye redio ya daladala huyasikii, na hayo ndiyo yanayoutembeza wimbo. Mpiga drams akiyaacha, hesabu itabaki sahihi kabisa na watu watarudi kukaa.

Halafu kuna ule mlango wa kuingilia sebene, sehemu ya wimbo ambapo magitaa yanachangamka na watu wanacheza. Mwimbaji anapobembeleza mwanzoni, drams hukaa chini, kijiti kinagonga ukingo wa snea tu. Nani anatangaza kwamba mambo yamebadilika? Tunadhani ni solo kwa sababu ndiyo inayong'aa. Kwenye meza yangu ya kuchanganyia sauti naona mfuatano mwingine: snea inatangulia kwa mbiringisho mfupi, besi inaitikia, ndipo solo inapasua. Mcharaza solo hodari humtazama mpiga drams begani kabla ya kuingia.

Nina jaribio ninalowafanyia vijana wanaokuja kujifunza studio. Kati ya sebene nazima chaneli zote za drams. Solo inabaki vilevile, noti kwa noti, lakini ghafla inasikika kama mtu anayejifunza gitaa chumbani kwake. Nikizima solo na kuacha drams na besi, kuna mtu lazima ataendelea kutikisa kichwa.

Kavasha haikukaa Kinshasa. Bendi za Wakongo zilizotamba Nairobi miaka ya 1970, kama Super Mazembe na Les Mangelepa, zilitembea nayo, na "Kasongo" wa Super Mazembe hata watoto wa juzi wanauimba. Waulize Kasongo ni nani, watakupa nadharia kumi. Ukiuliza nani aligonga, kimya.

Sehemu ya lawama iko kwenye malipo. Kwenye lebo ya santuri hukaa jina la mtunzi, na mtunzi kwa desturi ni mwenye maneno na melodi. Pigo huhesabiwa kuwa mali ya wote. Marekani nako ni hivyohivyo. Clyde Stubblefield alipiga drams za "Funky Drummer" ya James Brown mwaka 1969, na kipande chake kifupi kikaja kukatwa na kupachikwa kwenye mamia ya nyimbo za hip hop na pop. Utunzi umeandikwa kwa jina la Brown. Stubblefield, aliyefariki 2017, hakuwa na fungu katika mirabaha hiyo.

Siku hizi maprodyuza wengi wanaipanga kavasha kwenye kompyuta, kila pigo limenyooshwa mstarini na kwa nguvu ileile. Sina ugomvi na kompyuta, inanilisha. Ninachowaambia ni wapunguze nguvu ya mapigo madogo karibu nusu, kisha wayasogeze yatangulie hesabu kidogo sana, kwa sababu kwenye rekodi nyingi nilizopitisha mezani mkono wa mpiga drams huikimbilia hesabu sebene inapopamba moto. Na wakiweza kumlipa mtu aje apige saa moja, wamlipe, na jina lake liandikwe kwenye wimbo.