Kinyota kando ya jina la Kosovo

Ukifungua waraka wa Baraza la Ulaya unaoitaja Kosovo, lile eneo la Balkani lililokuwa jimbo la Serbia, utakuta kinyota kidogo kimekaa kando ya jina. Kinyota hicho kinakupeleka chini ya ukurasa, kwenye maandishi madogo yanayosema kwamba kila panapotajwa Kosovo, iwe ni eneo, taasisi au watu wake, pasomwe kwa kufuata Azimio 1244 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lile la mwaka 1999 lililoiweka Kosovo chini ya utawala wa muda wa Umoja wa Mataifa na jeshi la kimataifa, na bila kuathiri hadhi yake. Mimi nafundisha sheria ya haki za binadamu, na nimezisoma nyaraka hizo hadi jicho limezoea kukiruka kinyota kama linavyoruka nukta. Wanafunzi ndio wanaonirudisha. Kila mwaka hakosi mmoja wa kuuliza: "Mwalimu, hii ni nchi au si nchi?"

Ni swali zuri, na waliolijibu ni wengi. Kosovo ilitangaza uhuru wake tarehe 17 Februari 2008. Mwaka 2010 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa maoni kwamba tangazo lile halikuvunja sheria ya kimataifa, ila ikajihadhari isiseme kama tangazo hilo limezaa dola. Serbia inakataa mpaka leo, na ndani ya Umoja wa Ulaya wenyewe nchi tano haziitambui. Lakini ubishi huo wa bendera umefunika jambo ambalo kwangu lina uzito zaidi. Kosovo iliomba kujiunga na Baraza la Ulaya tarehe 12 Mei 2022, na bado iko mlangoni inasubiri kukaribishwa ndani. Je, mkazi wa kawaida wa Prishtina, mji mkuu, au wa Mitrovica, mji wa kaskazini, anakosa nini?

Kwanza tutenganishe majina, maana hapa hata magazeti huteleza. Baraza la Ulaya si Umoja wa Ulaya. Bendera ni moja, ile ya buluu yenye nyota kumi na mbili, lakini Baraza ndilo lililoianza mwaka 1955, na wale wengine wakaichukua miaka thelathini baadaye. Baraza lilianzishwa kwa mkataba uliosainiwa London tarehe 5 Mei 1949, makao yake yako Strasbourg, Ufaransa, na lina wanachama 46, wakiwemo Uturuki, Uingereza na Uswisi. Halina sarafu wala soko la pamoja. Mali yake kubwa ni Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu wa mwaka 1950 na Mahakama inayousimamia. Mtu akishamaliza ngazi zote za mahakama za kwao na bado anaona haki yake imevunjwa, ana miezi minne kupeleka malalamiko yake Strasbourg. Halipi ada, wala haombi ruhusa ya serikali anayoishtaki.

Sasa tazama ajabu ya Kosovo. Katiba yake ya mwaka 2008, Ibara ya 22, inasema Mkataba huo unatumika moja kwa moja nchini humo na unazishinda sheria za Bunge pale zinapogongana. Ibara ya 53 inaenda mbele zaidi: haki zilizomo katika Katiba lazima zitafsiriwe kwa kufuata hukumu za Mahakama ya Strasbourg. Mwaka 2020 wakaongeza humo humo Mkataba wa Istanbul wa kupinga ukatili dhidi ya wanawake, mkataba ambao hawana njia ya kuusaini kama nchi nyingine. Wamejifunga wenyewe, kwa hiari, kwa kamba ambayo wanachama wengine hulalamika kwamba inawabana. Hakimu wa Prishtina anaamua kesi kwa kufuata hukumu za mahakama ambayo mtu aliyesimama mbele yake hawezi kuifikia.

Wapo waliojaribu kuifikia. Machi mwaka 2000, karibu na Mitrovica, watoto walikuta mabomu ya mtawanyiko yaliyobaki ardhini kutoka vita vya mwaka uliotangulia. Moja likalipuka. Mtoto mmoja akafa, na mdogo wake akapoteza macho. Eneo lile lilikuwa chini ya kikosi cha Wafaransa katika jeshi la kimataifa la kulinda amani, kwa hiyo baba yao akaishtaki Ufaransa. Mwaka 2007 Mahakama ikasema haiwezi kusikiliza: yaliyofanywa au kuachwa na majeshi yale na utawala ule wa muda yanahesabiwa kuwa ya Umoja wa Mataifa, na Umoja wa Mataifa haushtakiwi Strasbourg. Miaka sita baadaye mkazi mwingine akajaribu njia ya pili. Alikuwa na hukumu ya mahakama ya Kosovo iliyompa ushindi ila haikutekelezwa, akaishtaki Serbia, kwa hoja kwamba kama Serbia inadai Kosovo ni yake basi ijibu. Mahakama ikasema hapana: Serbia haina udhibiti wowote wa maana huko tangu 1999.

Ufaransa sio, Serbia sio, Umoja wa Mataifa haushtakiki, na Kosovo si mwanachama. Watu milioni moja na nusu na zaidi wamekaa kwenye mwanya huo kwa robo karne, katikati ya bara linalojisifu kwamba halina mwanya.

Nikifika hapa darasani, wanafunzi wangu huinamisha vichwa, maana wanajua kilichotokea Arusha. Sisi tuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na ya Watu, jengo tunalipita, lakini mtu binafsi hafunguliwi mlango mpaka nchi yake iweke tamko maalumu chini ya Ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoianzisha Mahakama hiyo. Tanzania iliweka tamko hilo mwaka 2010 na ikaliondoa Novemba 2019. Rwanda ilishatangulia kujitoa mwaka 2016. Kenya na Uganda zimeridhia Itifaki ila tamko hazijaweka. Strasbourg nako haki ya mtu mmoja mmoja ilikuwa ya hiari ya serikali kwa miongo mingi. Ni Itifaki ya 11, iliyoanza kazi Novemba 1998, iliyoifanya kuwa lazima kwa kila mwanachama. Kwa hiyo siwacheki Wazungu kwa mwanya wao. Nasema tu kwamba tofauti ipo: huku ni serikali zinazofunga mlango, kule ni serikali inayoomba ufunguliwe ili ishtakiwe. Katika kazi yangu sijakutana na maombi mengi ya namna hiyo.

Turudi kwenye utaratibu, maana hapo ndipo siasa ilipo. Sheria ya Baraza, Ibara ya 4, inasema inaweza kualikwa nchi yoyote ya Ulaya inayoonekana kuweza na kutaka kuheshimu utawala wa sheria na haki za binadamu. Anayealika ni Kamati ya Mawaziri, yaani serikali za wanachama. Baraza la Wabunge, linaloundwa na wabunge kutoka mabunge ya nchi hizo, huulizwa maoni kwanza. Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: hakuna kura ya turufu. Kinachohitajika ni theluthi mbili ya wajumbe wote wa Kamati. Kwa wanachama 46, hiyo ni kura 31.

Kumbuka pia lini Kosovo iliomba. Urusi ilifukuzwa tarehe 16 Machi 2022 kwa sababu ya uvamizi wa Ukraine, na ombi likaingia chini ya miezi miwili baadaye. Sidhani ilikuwa bahati. Aprili 2023 Kamati ya Mawaziri ikapiga kura kulipeleka ombi kwa wabunge, na nchi 33 zikaunga mkono. Tarehe 16 Aprili 2024 wabunge wakasema ndiyo kwa kura 131 dhidi ya 29, na 11 hawakupiga upande wowote. Aliyeandika taarifa iliyopelekea kura hiyo ni Dora Bakoyannis, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Ugiriki, nchi ambayo yenyewe haiitambui Kosovo. Nadhani taarifa ile ilipata nguvu kwa sababu hiyo hasa; angeiandika mtu wa nchi iliyo rafiki mkubwa wa Prishtina, wengi wangeisoma kama barua ya mapendekezo.

Kabla ya kura hiyo kulikuwa na jambo la monasteri ya Deçan, makao ya watawa wa Kiserbia, ambayo Waserbia huiita Visoki Dečani. Ni kanisa la karne ya 14, liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Monasteri ilikuwa na mgogoro wa ardhi, kama hekta 24, na Mahakama ya Katiba ya Kosovo iliamua mwaka 2016 kwamba ardhi ni ya watawa. Miaka minane serikali moja baada ya nyingine zikaikalia hukumu hiyo. Machi 2024, ombi la uanachama likiwa mezani na Strasbourg ikitazama, serikali ya waziri mkuu wa wakati huo, Albin Kurti, ikaisajili ardhi kwa jina la monasteri. Hukumu iliyokuwa imelala kabatini ikatekelezwa kwa wiki chache.

Hapo wale wanaotaka masharti zaidi kabla ya kuingia wanapata hoja yao, nami sitaipuuza. Ukishaingia, nguvu ya kukubana inapungua. Urusi iliingizwa Februari 1996 huku vita vya Chechnya vikiendelea, kwa matumaini kwamba ndani itatulia. Uturuki iliambiwa na Mahakama Desemba 2019 imwachie Osman Kavala, mfanyabiashara na mwanaharakati aliyekuwa kizuizini. Mwaka 2022 ikamhukumu huyo huyo kifungo cha maisha, Mahakama ikasema imekiuka hukumu, na mtu bado yuko ndani. Mlango ndiyo sehemu pekee ambapo mwenye nyumba anasikilizwa bila kupaza sauti.

Sharti lililobaki ni Jumuiya ya Manispaa zenye Waserbia wengi, yaani chombo cha kuziunganisha manispaa hizo zijisimamie kwa pamoja baadhi ya mambo yao. Kosovo ilikubali kuiunda katika makubaliano ya Brussels ya Aprili 2013. Manispaa zenyewe ni kumi. Waalbania, ambao ndio wengi Kosovo, wengi wao wanaogopa itakuwa dola ndani ya dola, na humtajia msikilizaji Republika Srpska, sehemu ya Bosnia inayojitawala chini ya Waserbia, kama mfano wa hofu yao. Desemba 2015 Mahakama ya Katiba ilichambua misingi iliyokubaliwa mwaka huo ya kuiunda jumuiya hiyo, ikakuta baadhi ya vifungu haviendani na roho ya Katiba, ikasema virekebishwe. Toka hapo ni mikutano juu ya mikutano. Wabunge wa Strasbourg waliliweka suala hilo kuwa la kushughulikiwa baada ya kujiunga. Lakini mawaziri walipokutana Mei 2024, Ufaransa, Ujerumani na Italia zilitaka kwanza hatua inayoonekana, na ombi halikuingia hata kwenye ajenda.

Piga hesabu sasa. Kura 33 za mwaka 2023, ondoa tatu, zinabaki 30. Inapungua moja. Nchi hizo tatu hazina turufu kwenye maandishi, ila kwenye hesabu zinayo.

Msimamo wangu nauweka wazi: nadhani wamekosea, na si kwa sababu naipenda serikali ya Prishtina. Jumuiya ya manispaa ni ahadi, na ahadi itimizwe. Lakini ukijiuliza nani angekuwa wa kwanza kufungua shauri Strasbourg dhidi ya Kosovo, jibu halina utata. Ni Waserbia wa Kosovo. Ni familia iliyokimbia na kurudi ikakuta nyumba ina watu wengine, ni paroko mwenye hati isiyosajiliwa, ni mfanyakazi wa kaskazini aliyekamatwa akaona mashtaka hayana mguu. Watawa wa Deçan walingoja miaka minane na hukumu mkononi; wangekuwa na Strasbourg, nina hakika kabisa wasingengoja bila kupeleka malalamiko. Kumnyima mtu mahakama ili kumpatia jumuiya ya manispaa ni biashara ambayo yeye hakuulizwa.

Nikiulizwa na mwanafunzi, humjibu pia kwamba Kosovo haiko nje kabisa. Imo kwenye Tume ya Venice, ile ya wataalamu wa katiba, tangu 2014, na kwenye benki ya maendeleo ya Baraza tangu 2013. Inakaa kwenye vyumba vya pembeni vya nyumba ile ile. Chumba kilichofungwa ni kile kimoja chenye majaji.

Mei 2025 nayo ikapita bila mwaliko. Siku utakapotoka, Kosovo italazimika kuridhia Mkataba, itapeleka majina matatu ya watu wanaofaa kuwa majaji ili wabunge wachague mmoja, na kuanzia hapo fomu zitaanza kumiminika. Ila Mahakama haiangalii nyuma: husikiliza yale yaliyotokea baada ya nchi kujifunga na Mkataba, au yanayoendelea bado. Yule mtoto wa Mitrovica aliyepoteza macho mwaka 2000 ni mtu mzima sasa. Shauri lililoletwa kwa ajili yake lilifungwa 2007, na uanachama wa Kosovo hautalifungua.