Kwa nini Beetle iliyonyamaza tapeti ni ya kutiliwa shaka?

Mwenye Volkswagen Beetle ya zamani hapa Mombasa huzoea mlio wa tapeti (sehemu zinazogonga valvu za injini ili zifunguke) nyuma ya gari, ta-ta-ta kama cherehani. Siku mlio ukififia wenyewe, wengi hushukuru. Kumbe huenda valvu ya ekzosi, ile inayotoa moshi kwenye silinda, imeanza kuungua.

Kati ya roka (mkono mdogo unaoisukuma valvu ifunguke) na shina la valvu panatakiwa mwanya wa milimita 0.15, injini ikiwa baridi, kwa valvu zote 8. Valvu ya ekzosi hupitiwa na gesi ya moto kila inapofunguka, na hupoa zaidi inapofunga na kukaa juu ya kiti chake cha chuma kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Kadiri gari linavyotembea, valvu huzama kwenye kiti, shina nalo hurefuka kidogo, na mwanya unapungua. Ukiisha, valvu haikai sawasawa. Joto halina pa kutokea, gesi inapenya pembeni na kuula ukingo wake, mwishowe kichwa hukatika na kuitoboa pistoni. Mwanya uliozidi hupiga kelele na kupunguza nguvu, lakini hauui injini haraka hivyo. Silinda namba 3 ndiyo huumia kwanza: kwenye injini za kabla ya miaka ya 1970, kipoza oili kimesimama juu yake na kuziba upepo wa feni.

Kwa hiyo pima kila kilomita 5,000, asubuhi kabla gari halijawashwa. Gari lililopanda Mazeras alasiri halijapoa magharibi, na kwa joto letu usidanganyike na kugusa kifuniko. Zungusha injini kwa spana ya 21 kwenye nati ya puli ya jenereta mpaka rota (kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta, kigawa-cheche cha injini) ielekee kwenye alama ya silinda ya 1 ukingoni mwa distribyuta, upime valvu zake mbili. Kisha rudisha puli kubwa ya chini, ya krenki, kinyumenyume nusu mzunguko kila mara, ukipima: silinda ya 2, ya 3, ya 4. Fila geji, bati jembamba la kupimia mwanya, ivutike kwa kukwama kidogo, kama karatasi iliyolaliwa na kitabu. Ukikaza nati ya 13 kwenye roka, skrubu ya kurekebishia hujizungusha nayo na mwanya hubana. Ishike kwa bisibisi, na baada ya kukaza pima tena. Hapo ndipo mafundi wengi wenye haraka hukosea. Weka gasketi mpya za koki (gome kama la kizibo cha chupa) kwenye vifuniko vya valvu, la sivyo oili itachuruzika juu ya ekzosi.

Pointi za distribyuta, vile viguso vinavyokata umeme ili cheche itoke, nazo zina ugonjwa uleule. Mwanya wake ni milimita 0.4, na kile kipande cha plastiki kinachosugua kemu (mhimili wenye pembe unaozifungua pointi) huliwa taratibu, hivyo pointi hufunguka kwa kuchelewa. Cheche ikichelewa, moto hutoka bado unawaka hadi kwenye ekzosi, yaani juu ya valvu ileile. Ndiyo maana pointi hurekebishwa kabla ya taimingi, yaani wakati wa kutoka kwa cheche: ukigusa mwanya, taimingi nayo imehama. Paka kemu grisi kidogo, ukubwa wa punje ya mchele. Ikizidi hurukia pointi na kuziunguza.

Hewa ya chumvi ya pwani huleta kutu kwenye vichwa vya waya. Visugue kwa msasa laini. Pointi zilizochimbika upande mmoja na kuota kinundu upande wa pili usizipige tupa; badilisha pamoja na kondensa (kikopo kidogo kinachozuia pointi kuungua kwa cheche), maana mara nyingi chanzo ni kondensa.