Kutoka Kyaka hadi Kampala: uamuzi wa pili ndio uliokuwa mzito

Kila ninapofundisha Vita vya Kagera, tulivyopigana na Uganda ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979, wanafunzi huniuliza kama tulifanya vizuri kwenda mpaka Kampala. Huwa nawaambia kwamba ndani ya swali hilo mna mambo mawili ya kuamua. La kwanza lilikuwa kumtoa Amin kwenye ardhi yetu. La pili lilikuwa kumfuata kwake. Tukiyachanganya, sababu nzuri za lile la kwanza huishia kulibeba la pili bila kupimwa.

La kwanza halina mjadala. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera ni la Uganda. Daraja la Kyaka juu ya mto huo likavunjwa. Raia wakauawa, wanawake wakabakwa, ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka, kiwanda cha sukari kikaporwa. Mwalimu Nyerere aliposema sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, mtu gani angebisha?

Ugumu ulianza Mutukula, mji wa Uganda ulio mpakani, Januari 1979, adui alipokuwa amekwisha kurudishwa kwake. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulijengwa mwaka 1963 juu ya kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Azimio la Cairo la 1964, la kuheshimu mipaka tuliyoirithi kwa wakoloni, lilipendekezwa na Tanzania yenyewe. Na haikuwa kanuni ya makaratasi tu, ilizilinda nchi changa zisimezwe na jirani mwenye bunduki nyingi.

Upande wa pili wa mizani walikuwepo Waganda. Idadi ya waliouawa chini ya Amin inayotajwa sana ni 300,000. Umoja wetu ulinyamaza, tena mwaka 1975 ukamfanya mwenyekiti wake, na Nyerere akakataa kwenda kwenye mkutano ule wa Kampala. Hata alipotuvamia, walichotuletea wengi ni wito wa usuluhishi. Kulikuwa pia na hoja ya usalama mtupu: Mutukula iko juu, na mwenye mizinga pale anaiona nchi yetu chini yake. Kusimama mpakani kungekuwa kumpa nafasi ya kujipanga upya.

Nyerere alilitatua swali hilo kwa kusema kuna vita viwili: Watanzania wakimwadhibu mvamizi, na Waganda wakipigania uhuru wao. Kama hoja ya kidiplomasia ilikuwa nzuri sana. Vitani mambo hayakugawanyika hivyo. Libya ilileta askari kumsaidia Amin, na pale Lukaya, njiani kuelekea Kampala, Machi 1979, ni jeshi letu lililoubeba mzigo. Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili, na wengi wa walioiteka walikuwa vijana wetu, wakiwemo mgambo waliotolewa vijijini miezi michache kabla.

Hapa pana jambo tusilopenda kulisema. Mutukula ilisawazishwa kwa kisasi cha Kagera, na raia wakafa. Nyerere alishtuka, akaagiza raia wasiguswe. Hata hivyo miji ya Masaka na Mbarara ilibomolewa vibaya. Jeshi linaloingia nchi ya watu likiwa na haki linaingia pia na hasira, na hasira hiyo ni hatari ya kuhesabiwa kabla ya kuvuka mpaka.

Gharama nyingine zinajulikana. Wanajeshi wetu waliokufa kwa kawaida hutajwa kuwa 373, na raia wa Kagera wapatao 1,500. Fedha zilizotumika hukadiriwa kuwa dola milioni 500. Tuliambiwa tufunge mkanda kwa miezi 18, lakini foleni za sabuni, sukari na unga ziliendelea miaka mingi. Sio haki kuibebesha vita lawama yote: mafuta yalipanda bei 1979, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977. Lakini vita ilitukuta na akiba, ikatuacha bila kitu.

Na Uganda je? Yusuf Lule, aliyechaguliwa kuiongoza Uganda kwenye mkutano wa Waganda wa uhamishoni uliofanyika Moshi wiki mbili hivi kabla Kampala haijaanguka, aling'olewa Juni 1979. Godfrey Binaisa aliyemfuata akaondolewa Mei 1980. Milton Obote, rais aliyekuwa amepinduliwa na Amin, akarudi kwa uchaguzi uliolalamikiwa, na Februari 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni kupigana naye. Mpango wa nani atatawala ulitungwa mbio mbio njiani, jeshi likiwa tayari linasonga.

Mimi naamini ilikuwa sawa kwenda. Nisingeweza kumtazama Mganda wa wakati ule machoni na kumwambia tumeishia Mutukula kwa sababu ya kanuni. Ninachopinga ni uamuzi mkubwa hivyo kupita bila wananchi kuulizwa. Ibara ya 44 ya Katiba yetu inamtaka Spika aitishe Bunge ndani ya siku 14 baada ya Rais kutangaza vita, ili wabunge waunge mkono au wakatae. Haisemi kitu kuhusu vita iliyoanza kwa lengo moja ikageuka kuwa na lengo jingine. Ningependa kifungu hicho kiongezwe: jeshi likitaka kuvuka lengo lililopitishwa, Bunge likae upya, na serikali ije na jibu la nani atatawala huko na askari wetu watarudi lini.