Saratani ya mapafu: kinga haijalala, imeshikwa mkono

"Kinga yake imeshuka, ndiyo maana saratani ikamwingia." Maneno haya husemwa kando ya vitanda vya wagonjwa, na hayakawii kufuatwa na chupa ya dawa ya "kupandisha kinga". Inaniuma, maana fedha ile mara nyingi ndiyo ingelipia kipimo.

Ukweli: kipande cha uvimbe wa pafu kikitazamwa kwa darubini, mara nyingi seli T, askari wa kinga, hukutwa zimo humo humo. Zimefika, zimemtambua adui, zimeachia interferoni gama, protini ya kupiga mbiu. Seli ya saratani huinasa mbiu hiyo ikajivika protini nyingine, PD-L1. Hiyo ikigusana na PD-1 iliyo juu ya seli T, askari hulegea. Breki yenyewe ni ya mwili wetu, imewekwa ili kinga isitafune viungo vyetu. Saratani imeiazima tu. PD-1 iligunduliwa 1992 katika maabara ya mwanasayansi Tasuku Honjo, Kyoto, Japani, naye akashiriki Tuzo ya Nobel ya 2018 na James Allison. Dawa kama pembrolizumabu hukalia PD-1, na PD-L1 ikakosa pa kushika. Chupa ya mitishamba haifiki hapo.

Wengine hudhani protini hizi zimegawanyika, nzuri na mbaya, na mbaya ziondolewe tu. Jaribio la CANTOS la 2017 liliwapa baadhi ya watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo dawa ya kanakinumabu, inayozuia intaleukini-1 beta, protini nyingine ya kinga ya kupiga mbiu. Kati ya waliopata dozi kubwa, visa vipya vya saratani ya mapafu vilipungua kwa asilimia 67 kuliko kwa wasiopewa dawa hiyo. Matumaini yakapanda! Lakini dawa ileile ilipojaribiwa kwa wenye saratani tayari, haikurefusha maisha yao. Protini ni moja. Wakati ndio uliobadilika.

Na ile ya "dawa za kinga humfaa kila mtu, tena hazina madhara"? Katika jaribio la pembrolizumabu la 2016 walichaguliwa wagonjwa wenye PD-L1 kwenye angalau nusu ya seli za saratani. Hata kati yao, uvimbe ulinywea kwa takriban 45 katika kila 100. Tena breki ikiachiwa, askari huweza kuvamia utumbo, tezi ya thairoidi, au pafu lenyewe. Kikohozi kipya au pumzi kubana, hata miezi kadhaa baada ya dripu, kiripotiwe kwa daktari siku hiyo hiyo.