Damu Nzito ya Kabale, Damu Nyepesi ya Gulu?

Mtu wa Kabale, mji wa milima yenye baridi kusini-magharibi mwa Uganda, akiteremka Gulu, mji wa joto kaskazini, akalowa jasho, huambiwa na wazee kuwa damu yake ni nzito. Wa Gulu akipanda Kabale akatetemeka, basi yake ni nyepesi. Maelezo matamu, lakini damu si blanketi.

Kinachobadilika ni njia inayopita. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hulinda joto la ndani karibu na nyuzi 37. Baridi ikizidi, mishipa midogo ya ngozi hujibana na damu ya moto hubaki ndani. Joto likizidi, mishipa hutanuka, ngozi hupata damu nyingi, na jasho likikauka huondoka na joto. Ndiyo maana Entebbe, penye unyevu wa ziwa, unaweza kutiririka jasho na usipoe sana.

Mgeni huzoea joto kwa wiki moja au mbili: jasho huanza mapema zaidi, tena chumvi yake hupungua. Majimaji ya damu nayo huongezeka kiasi, ikawa nyepesi kidogo, kwa hiyo wazee hawakukosea kwa yote. Chembe nyekundu huweza kuongezeka kwa wakazi wa milima mirefu, ila kinachoziongeza ni uhaba wa oksijeni, si baridi.