Huduma Mpya za Mji: Tunayoamini na Yaliyo Kweli

Masika yakipiga Mombasa, barazani husemwa yale yale: mitaro imeziba, taka zaelea, kaunti haina ubunifu. Kudai huduma bora ni haki yetu. Lakini baadhi ya tunayoamini yanatupoteza njia.

Dhana: Ubunifu ni mitambo na programu za simu.

Ukweli: Ubunifu huanza kwa kuuliza shida imekwama wapi. Huko Curitiba, Brazili, lori za taka hazikuweza kuingia vichochoro vya mitaa ya mabanda. Mwaka 1989, chini ya meya Jaime Lerner, wakazi waliambiwa walete taka zao hadi lori linapofika, wapewe tiketi za basi; baadaye wakapewa chakula. Mwaka 1991 ukaja mpango mwingine: kilo 4 za taka za kutumika tena kwa kilo 1 ya mboga au matunda, yaliyonunuliwa kwa wakulima wa jirani waliozidiwa na mavuno. Mtaa ukasafika, watoto wakala, mkulima akauza. Kila nipitapo Mji wa Kale, au ndani kabisa Kisauni, mahali ambapo hata mkokoteni hupenya kwa taabu, mpango huo hunijia akilini. Sisi lori tunazo; njia ya lori ndiyo hatuna.

Dhana: Hayo ni ya miji tajiri.

Ukweli: Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, si tajiri. Mwaka 2017 mlima uliokatwa miti uliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,000. Meya Yvonne Aki-Sawyerr alianzisha upandaji ambao wakazi hulipwa kwa kuutunza mti, si kuupanda tu, na kila mti una namba yake ya kufuatiliwa. Mwaka 2022 mji huo ulikuwa kati ya miji 15 iliyoshinda shindano la mameya la shirika la hisani la Bloomberg Philanthropies, kila mmoja ukapewa dola milioni 1. Wazo lilitangulia, fedha zikalifuata.

Dhana: Kila kero ni ya kaunti.

Ukweli: Katiba ya 2010 imeipa kaunti maji, taka, masoko, zahanati na chekechea. Polisi na shule za msingi ni za serikali kuu. Ukibisha mlango usiohusika, utajibiwa kimya.

Dhana: Maoni ya wananchi huombwa mambo yameshaamuliwa.

Ukweli: Hivyo ndivyo inavyokuwa tukichelewa, na wengi wetu huchelewa. Makadirio ya bajeti hufika Bunge la Kaunti kufikia 30 Aprili, nasi ndipo tunapojaa ukumbini. Ila mpango wa maendeleo wa mwaka, unaochagua miradi, hufikishwa huko kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Tena Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu mtu yeyote kuliandikia bunge hilo ombi rasmi. Andika jambo moja: mtaro upi, umeziba wapi, nyumba ngapi hufurika. Lipeleke Julai, kabla mpango huo wa Septemba haujafika bungeni.