Torki na nguvu za farasi: dhana potofu tunazotumia kulinganisha magari

Anayetafuta gari lililotumika kutoka Japani, awe Dar es Salaam au Mombasa, huulizia kwanza cc, kisha nguvu za farasi, na tangu pikapu za dizeli zenye turbo zienee, huulizia pia torki. Namba hizo zote zina maana yake, lakini namna zinavyolinganishwa vijiweni na hata gereji imejaa imani zisizo na msingi katika ufundi wa injini. Kosa linalozaa mengine yote ni kudhani kwamba torki na nguvu ni vipawa viwili tofauti, gari moja likiwa limejaliwa kimoja na jingine kingine, ilhali nguvu si chochote ila torki iliyohesabiwa pamoja na kasi ya mzunguko.

Torki ni kani ya kuzungusha. Fundi anayefungua nati ya gurudumu iliyoshika kutu huchomeka bomba kwenye spana ili mkono uwe mrefu. Mtu wa kilo 51 akisimama kwenye ncha ya mkono wa mita moja, nati inapata takriban newtonmita 500, ambazo ndizo torki ya juu kabisa ya Toyota Hilux ya lita 2.8 yenye gia otomatiki. Nati ikigoma, basi hata akisimama hapo hadi jioni, torki ipo na nguvu ni sifuri, kwa sababu hakuna kilichozunguka. Nguvu huanza kuhesabiwa nati inapogeuka, na huongezeka kadiri inavyogeuka haraka. Kanuni yake ni fupi: torki katika newtonmita izidishwe kwa mizunguko ya injini kwa dakika, kisha igawanywe kwa 9,549, na jibu ni kilowati. Mwenye kanuni hiyo kwenye simu yake anaweza kupima madai mengi ya wauzaji kabla hajatoa hata shilingi.

Dhana: Injini yenye cc nyingi ndiyo yenye nguvu.

Ukweli ni kwamba cc hupima ujazo ambao pistoni hupitia ndani ya silinda, basi. Injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita isiyo na turbo ambayo imebeba Land Cruiser za mfululizo wa 70 katika mbuga za wanyama, misheni na mashirika ya misaada kwa miongo kadhaa, ina cc 4,164, na nguvu zake za juu ni kilowati 96 hivi kwenye mizunguko 3,800, huku torki ikifika newtonmita 285 kwenye mizunguko 2,200. Injini ya Hilux iliyotajwa hapo juu ina cc 2,755, nayo tangu maboresho ya 2020 inatoa kilowati 150. Honda S2000 iliyotoka mwaka 1999 ina cc 1,997 tu, yaani chini ya nusu ya ile ya Land Cruiser, lakini katika soko la Japani ilitangazwa kuwa na kilowati 184.

Tofauti hiyo inatokana na hewa. Injini huchoma mafuta kwa kadiri ya hewa inayoipata, na kuna njia mbili za kuipatia hewa nyingi bila kuongeza ujazo: kuisukumia kwa turbo, kama ilivyo kwa Hilux, au kuivuta mara nyingi zaidi kwa dakika, kama ilivyokuwa kwa Honda, ambayo nguvu zake za juu hupatikana kwenye mizunguko 8,300. 1HZ haifanyi lolote kati ya hayo. Sifa yake ni kudumu, pampu yake ya mafuta isiyotegemea kompyuta, na fundi wa kuitengeneza kupatikana karibu kila mji. Huenda dhana ya cc imekazwa na forodha, maana nchini Tanzania ushuru wa bidhaa kwenye magari hupangwa kwa madaraja ya cc, lakini mtoza ushuru hapimi mwendo wa gari.

Dhana: Torki ndiyo inayovuta mzigo, nguvu za farasi ni za kukimbilia tu.

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo ngumu kung'oa, kwa sababu ina punje ya ukweli ndani yake. Tulinganishe vyombo viwili ambavyo hakuna mtu angevifikiria pamoja. Lori la Scania R420, linalojulikana vizuri kwenye barabara ya kwenda Tunduma na ile ya kwenda Malaba, lina nguvu za farasi 420, yaani kilowati 309, kwenye mizunguko 1,900. BMW M3 ya kizazi kilichoanza mwaka 2007, gari dogo la kifahari lenye injini ya V8, nalo lina nguvu za farasi 420, kilowati zilezile 309, ila kwenye mizunguko 8,300. Torki ya juu ya lori ni newtonmita 2,100. Ya BMW ni 400. Moja ina torki mara tano ya nyingine na nguvu zao ni sawa.

Sasa tuchukue mzigo wa tani 40 kwenye mlima wenye mwinuko wa asilimia 8. Kuupandisha mzigo huo ni kazi inayopimwa kwa kilo, mita na sekunde, na mlima haujui ni injini gani inayousukuma. Ukitoa kinachopotea kwenye giaboksi, difu na matairi, kilowati 309 zinaupandisha kwa kasi inayokaribia kilomita 30 kwa saa na si zaidi, ziwe zimetoka kwenye torki kubwa inayozunguka polepole au torki ndogo inayozunguka kwa kasi. Injini ya BMW ikifungiwa gia zinazofaa, ingeuvuta mzigo huo kwa mwendo uleule wa lori. Sentensi hiyo huwakera wengi, lakini hesabu haina upendeleo.

Punje ya ukweli iko mahali pengine. Scania hufikisha newtonmita zake 2,100 kuanzia mizunguko 1,100 hadi 1,350. Tukitumia kanuni yetu kwenye mizunguko 1,350, tunapata kilowati 297, na kwenye 1,900 ni 309. Maana yake ni kwamba kati ya 1,350 na 1,900 dereva ana karibu nguvu zote za injini yake, mshale wa mizunguko uwe popote katika eneo hilo, na anaweza kupanda mlima mzima wa Kitonga bila kuhangaika na gia kila dakika. BMW kwenye mizunguko 3,900, pale torki yake inapofika kileleni, ina kilowati 163 tu, zaidi kidogo ya nusu. Ili izipate zote 309 ni lazima ishikiliwe karibu na mizunguko 8,300 mlima mzima, ikipiga kelele, ikinywa mafuta na kujila yenyewe, ilhali injini ya lori imejengwa kufanya hivyo kwa mamia ya maelfu ya kilomita. Kwa hiyo kinacholifanya lori kuwa lori ni upana wa eneo ambalo nguvu zinapatikana, pamoja na uwezo wa chuma chake kustahimili. Torki kubwa kwenye mizunguko ya chini ni dalili ya upana huo. Haivuti mzigo kwa muujiza wake yenyewe.

Dhana: Newtonmita 500 za dizeli lazima zizishinde 309 za petroli.

Subaru Forester yenye turbo ya kizazi cha pili, ambayo bado inapendwa sana Kenya, ilitangazwa Japani kuwa na PS 220 (PS ni nguvu za farasi za kipimo cha metriki), yaani kilowati 162, kwenye mizunguko 5,600, na torki ya newtonmita 309 kwenye 3,500. Ukiitazama pamoja na Hilux ya newtonmita 500 unaweza kudhani hakuna mashindano. Lakini torki inayotajwa kwenye katalogi ni ya kwenye krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, na kabla ya kufika kwenye magurudumu hupita kwenye giaboksi na difu, ambazo huizidisha kadiri zinavyopunguza mizunguko. Tuseme magari haya mawili yanakwenda kwa mwendo mmoja, Hilux ikiwa kwenye mizunguko 2,800, ambako bado inatoa newtonmita 500, na Forester ikiwa kwenye 5,600, ambako torki yake imeshuka hadi 276 hivi. Kwa kuwa injini ya Forester inazunguka mara mbili, gia zake zinapunguza mizunguko mara mbili zaidi na kuizidisha torki mara mbili zaidi, kwa hiyo 276 zinakuwa sawa na 552. Forester inashinda, tena kabla hatujaweka mezani kwamba ina uzito wa kilo 1,400 na kitu huku Hilux ya milango minne ikiwa na takriban 2,100.

Hata hivyo, anayeendesha Hilux na kuiona ina nguvu hajidanganyi kabisa. Katika mwendo wa kawaida wa mjini hakuna anayekaa kwenye mizunguko 5,600. Wengi wetu tuko kati ya 1,500 na 2,500, na hapo dizeli ya kisasa imekwisha kuamka wakati petroli yenye turbo ya zamani bado inasubiri turbo ijaze hewa. Mguu ukigusa mafuta kidogo tu, Hilux inaitika. Hisia hiyo ni ya kweli, ila haielezi kitakachotokea magari yote mawili yakikanyagwa mafuta mpaka mwisho.

Magari ya umeme yanaionyesha hoja ya gia waziwazi zaidi. Nissan Leaf ya mwanzo ilikuwa na newtonmita 280, karibu sawa kabisa na 285 za 1HZ. Leaf haina giaboksi ya kubadilisha, ina upunguzaji mmoja wa mizunguko wa karibu mara nane, kwa hiyo magurudumu yake yanapata takriban newtonmita 2,200. Land Cruiser kwenye gia ya kwanza, gia na difu pamoja huzidisha zaidi ya mara 17, na magurudumu yanapata zaidi ya 4,800 hata kabla dereva hajaingiza gia za chini za kwenye tope. Wenye Leaf nao wana lao la kujivunia: torki yao yote ipo tangu gari likiwa limesimama.

Dhana: Gari la jina moja na injini moja lina namba moja.

Si lazima. Hilux hiyohiyo ya lita 2.8 yenye newtonmita 500 kwa gia otomatiki hupewa 420 tu ikiwa na gia za mkono, ingawa kilowati ni zilezile 150. Kompyuta ya injini huzuia torki kwenye mizunguko ya chini ili giaboksi isizidiwe. Vipimo navyo huchanganya. Kilowati 150 huandikwa PS 204 katika katalogi za Kijapani na za Ulaya, na huwa 201 katika nguvu za farasi za Kiingereza, na nimeona watu wakibishana juu ya farasi watatu ambao hawakuwahi kuzaliwa. Katalogi za zamani za Japani huandika torki kwa kilogramu-mita, ambapo 31.5 ya Forester ni sawa na newtonmita 309, na anayelinganisha bila kutazama kipimo ataidharau bure.

Dhana: Iliyoandikwa kwenye katalogi ndiyo iliyomo kwenye gari.

Kuanzia mwaka 1989 watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano yasiyo rasmi ya kutotangaza gari lenye zaidi ya PS 280 katika soko lao la ndani, na yalidumu hadi 2004, Honda Legend ilipotoka na PS 300. Nissan Skyline GT-R ya 1989 ilitangazwa kuwa na PS 280 na newtonmita 353. Ile ya 1999 ilitangazwa PS 280 zilezile na newtonmita 392. Torki ilipanda kwa karibu 40 na nguvu hazikusogea hata farasi mmoja, na wapenzi wa magari hawakuwahi kuiamini namba hiyo. Anayelinganisha magari ya Japani ya miaka hiyo kwa PS peke yake analinganisha adabu ya watengenezaji.

Kisha kuna mwinuko kutoka usawa wa bahari, ambao huku kwetu una uzito kuliko mengi yanayojadiliwa. Namba za katalogi husahihishwa ziendane na hewa ya karibu na usawa wa bahari, wakati Nairobi iko kwenye mita 1,700 na zaidi, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Toyota Probox ya cc 1,500 inayotangazwa kuwa na PS 109 inazikaribia namba hizo ikiwa mpya Mombasa au Tanga. Ikifika Nairobi hubaki na 92 hivi bila kuharibika chochote. Dizeli ya zamani isiyo na turbo nayo hupungukiwa na hewa, na pampu isiyorekebishwa ikiendelea kumwaga mafuta yaleyale, ziada hutoka nyuma ikiwa moshi mweusi. Injini yenye turbo huzunguka turbo yake kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, kwa hiyo magari mawili yanayolingana kabisa kwenye karatasi, na yanayolingana kweli pale Kibaha au Mtwapa, yanaweza kuachana vibaya kwenye mpando wa Limuru.